Kabla Hujasukuma Sindano: Neno kwa Wauguzi Wanaoanza Kazi Bukavu

Kila mwaka wanafunzi wa staji wanatujia kutoka shule za afya, ITM na ISTM, wakiwa na haki tano kichwani: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Waamshe usiku wa manane, watakutajia zote bila kusita. Sina ugomvi nazo, nami nilizikariri. Ila hazikwambii la kufanya pale chumba kimoja kina Mama Amani wawili, umeme umekatika, na dawa imeletwa na shemeji ndani ya sashe nyeusi. Kazi yenyewe iko hapo, na hapo ndipo ninapotaka tuongee, wadogo zangu.

Tuanze na majina, kwa sababu ndiyo yanayonitia hofu kuliko vyote. Kwetu mtu ana jina, ana jina la pili, ana la ubatizo. Mwanamke akishazaa, mtaa mzima unamwita kwa mtoto wake wa kwanza. Fishi, ile karatasi ya mgonjwa, inaweza kubeba jina ambalo hata shemeji aliyemleta halijui. Halafu ingia matenite ya Kadutu au Bagira, ita "Furaha!", uone wangapi watageuka.

Kwa hiyo usimtajie mgonjwa jina lake. Ukimwambia "Wewe ni Furaha, siyo?", mama aliyeshuka kutoka Walungu, anayesikia Mashi kuliko Kiswahili na anayemheshimu munganga, atajibu "ndiyo" hata kama anaitwa Nabintu. Hataki kukubishia. Muulize, "Mama, jina lako kwenye fishi ni nani?", aseme yeye, nawe macho yako yawe kwenye karatasi. Ongeza swali la pili: umri, au ametoka wapi. Kwa mtoto, muulize aliyembeba. Asiyejitambua avae plasta mkononi yenye jina lililoandikwa kwa wino, tangu anapopokelewa. Na namba ya kitanda isikudanganye. Wagonjwa wanahama vitanda, huyu anakimbia dirisha linalovuja, yule anataka kuwa karibu na dada yake, na vyumba vikijaa wanalala wawili wawili.

Sasa hiyo sashe nyeusi. Mara nyingi familia ndiyo inayonunua dawa kwenye famasi ya nje, na ordonansi ya Kifaransa inarudi na flakoni yenye maandishi ya Kiingereza. Tafuta jina la dawa yenyewe, lile la herufi ndogo chini ya jina la biashara. Paracetamol na acetaminophen ni dawa moja. Mgonjwa akipewa zote mbili amepewa mara mbili. Adrénaline na epinephrine vilevile. Vidonge vilivyokatwa kwa mkasi bila tarehe ya kuisha muda, mimi navirudisha, hata wakinuna. Najua usafiri hadi Nyawera unagharimu, na najua mtu ameuza kuku kupata hiyo pesa. Navirudisha hata hivyo, ila naandika kikaratasi kwa muuza dawa ili familia isilipishwe tena.

Soma lebo mara tatu: unapoitoa dawa kwenye sashe, unapoivuta kwenye bomba, na kabla ya kutupa ampuli. Mara ya tatu inaonekana ya ziada, lakini ndiyo inayookoa, hasa unapotumia tochi ya simu. Ampuli ya maji ya sindano na ile ya KCl (kloridi ya potasiamu) zinaweza kufanana sana gizani. KCl haisukumwi moja kwa moja mshipani hata siku moja. Huchanganywa kwenye seramu, maji ya dripu, na kupita polepole, la sivyo inaweza kusimamisha moyo. Isikae kwenye trei moja na ampuli za maji. Na ukifungua boksi la antibiotiki ya ceftriaxone, angalia maji yaliyomo ndani: mengine yana lidocaine, dawa ya ganzi. Hayo ni ya kuchoma kwenye msuli tu, hayaingii mshipani.

Kipimo kinataka kalamu. Usihesabu kichwani saa tisa za usiku, hata kama shuleni ulikuwa wa kwanza kwa hesabu. Chukua artesunate, dawa tunayoishika karibu kila siku kwa malaria kali. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 na kuendelea, na watu wazima, ni 2,4. Flakoni ya miligramu 60 unaiyeyusha kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nayo, unatikisa mpaka iwe angavu. Mtego unafuata hapo. Kwa mshipa unaongeza mililita 5 za seramu ya chumvi, na kila mililita inabeba miligramu 10. Kwa msuli unaongeza 2 tu, na kila mililita inabeba 20. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 24: hiyo ni mililita 2,4 mshipani, au 1,2 kwenye msuli. Mwenzako akichanganya kwa ajili ya msuli halafu wewe ukavuta kwa hesabu ya mshipa, mtoto amepokea maradufu. Anayechanganya ndiye achome. Iliyobaki imwagwe baada ya saa moja, isisubiri dozi ijayo ya saa 12 baadaye.

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya kilo. Mtoto apimwe kwenye mizani. "Anaonekana kama wa kilo kumi" si uzito, hasa kwetu ambako mtoto wa miaka mitatu mwenye utapiamlo anaweza kulingana na wa mwaka mmoja.

Ukiandika, weka sifuri mbele ya mkato: 0,5. Usiandike ",5", kwa kuwa mkato ukififia inabaki 5. Usiandike "5,0" pia, itasomwa 50. Kwenye insulini andika neno "uniti" lote, maana U iliyoandikwa haraka inageuka sifuri. Na kama mwandiko wa daktari hausomeki, mpigie. Atakasirika, halafu atalala.

Matone ya seramu ni rahisi kuliko wanavyoogopa wengi: kwa mrija wa kawaida wa matone 20 kwa mililita, gawa mililita za saa moja kwa tatu. Nusu lita kwa saa nne ni 125 kwa saa, yaani karibu matone 42 kwa dakika. Tumia saa ya mkononi, usikadirie.

Mgonjwa aliyetumwa kutoka kituo cha afya, uliza kwanza alishapewa nini huko. Mama mwenye kifafa cha mimba huenda alishachomwa sulfate de magnésium ya kuzuia degedege, gramu 4 mshipani na 10 kwenye matako, na barua imebaki mfukoni mwa mumewe. Kabla ya kila dozi inayofuata, hesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Gonga goti uone kama linaitika. Angalia mkojo unatoka. Gluconate de calcium, dawa ya kupinga magnésium ikizidi mwilini, iwe karibu. Uliza pia kuhusu dawa za miti shamba, bila kufoka, maana ukifoka watakuficha.

Tumekubaliana kwenye timu yetu kwamba aliyeshika trei ya dawa hasemeshwi. Wageni wa mgonjwa wanasubiri, simu inakaa mfukoni, hata mkubwa wa chumba anangoja. Mwanzoni watu waliona ni majivuno. Saini kwenye fishi inawekwa baada ya dawa kuingia, kamwe si kabla, kwa sababu mgonjwa anaweza kutapika au kukataa, na fishi itakuwa imedanganya.

Likitokea kosa, liwe lako au la mwenzako: simamisha dawa, pima presha, mapigo na pumzi, mwite daktari papo hapo, andika saa na kiasi kilichoingia, na familia iambiwe ukweli na mkubwa wa timu. Mwanafunzi aliyekuja kukwambia mwenyewe usimtukane mbele ya wagonjwa, kesho hatasema tena. Ampuli tupu msiitupe, daktari atataka kuiona.