Nimonia isiyopona: nianzishe dawa za TB?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa tabibu kwenye kituo cha afya. Nina mama wa miaka 57, hajawahi kuvuta sigara, anakohoa mwezi wa 4 sasa. Homa hana, ila anatoa makohozi mengi, mepesi, kama ute wa yai. Amemaliza dozi 3 za antibiotiki. GeneXpert (kipimo cha makohozi cha TB) imetoka hasi mara 2, na VVU hana. Eksirei 2 zilizopishana wiki 9 zinaonyesha weupe uleule chini ya pafu la kulia, na ripoti zote zimeandikwa nimonia. Nimwanzishie dawa za TB?

Jibu: Marahaba. Subiri kwanza. Kilichonishtua ni hizo wiki 9.

Kwenye eksirei, weupe maana yake ni kwamba palipokuwa na hewa pameingia kitu kingine. Usaha, damu, maji, seli za saratani, vyote huonekana vyeupe. Nimonia ya kawaida husafika ndani ya wiki 6 hivi. Kwa mzee au mwenye kisukari inaweza kuburuza hadi 12, lakini hata ikichelewa utaiona inapungua. Ya mama huyu haijasogea.

Iko aina ya adenokasinoma (saratani ya mapafu) inayotoa ute. Mara nyingi haifanyi lile donge la duara tulilozoea kulitafuta. Seli zake hutambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa, ute ukavijaza, na mirija ya hewa ikabaki wazi. Ukitazama picha unaona vijistari vyeusi vya mirija ndani ya weupe, alama ileile tuliyokaririshwa chuoni kuwa ni ya nimonia! Makohozi mengi mepesi bila homa ndiyo yananifanya niifikirie hii kabla ya nyingine, na kutovuta sigara hakumwondolei mtu hatari hiyo.

Wengine huwa na uvimbe ulioziba mrija, halafu nimonia ya kweli inaota nyuma yake. Hao antibiotiki huwapa nafuu, kisha ugonjwa unarudi palepale. Na saratani inayotoboka katikati hufanana sana na tundu la TB. Ukuta wa tundu ukizidi milimita 15 kwenye CT (picha za kifua za vipande vipande) tunaingiwa na shaka kubwa, ila nimeona kuta nyembamba zikitudanganya.

Kuhusu “tumpe za TB tuone”: rifampisini huua bakteria wengine wengi, si wa TB tu. Mama anaweza kupata nafuu kidogo, wewe ukaamini umepatia, na miezi 6 ikapita. Ni kweli GeneXpert hasi haiifuti TB kabisa, kwa hiyo peleka makohozi maabara yakaoteshwe vimelea. Majibu huchukua wiki kadhaa, rufaa isiyasubiri.

Leo hii mpapase shingoni na juu ya mtulinga kama kuna matezi, tazama kucha, sikiliza kama kuna maji kifuani. Waulize ndugu picha za zamani (kwa kawaida ziko chini ya godoro). Weupe uliokuwepo tangu mwaka jana unabadilisha hadithi yote.

Kisha mwandikie rufaa ya CT na kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha pafu), kwa bronkoskopi, yaani kamera inayopitishwa kwenye mirija ya hewa, au kwa sindano. Usiandike “nimonia sugu” ukaishia hapo, maana huko aendako ataanzishiwa dozi ya 4. Taja kila antibiotiki na tarehe zake, na useme wazi kwamba weupe haujabadilika kwa wiki 9 na unashuku saratani. Mpe eksirei zote mbili mkononi, ripoti pekee hazitoshi.

Ombi la mwisho liandike kwenye barua hiyohiyo: kinyama kigawanywe mara 2. Kimoja kiwekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia) kwa ajili ya patholojia, yaani kutazamwa seli kwa hadubini, kingine kwenye maji ya chumvi kikaoteshwe TB. Fomalini huua vimelea, na nimeshakutana na kinyama kilichotumbukizwa chote humo, patholojia ikaleta majibu yasiyoeleweka, na mgonjwa ikabidi achomwe upya.