Umekamatwa Boulder? Anza kuhesabu siku saba
Pole sana, mdogo wangu. Unasema polisi walikusimamisha ukiendesha gari Boulder, Colorado, Marekani, Ijumaa usiku ukitoka kwenye sherehe ya wanachuo, ukapuliza kipimo cha pombe kikasoma 0.09, wakakukamata kwa kuendesha ukiwa umelewa, sasa unauliza ukiri kosa yaishe. Usikiri chochote bado. Ile karatasi ya kufutiwa leseni uliyopewa isome leo hii: una siku 7 tu za kuomba kusikilizwa na idara ya magari, na hilo ni shauri tofauti kabisa na la mahakamani. Wengi huzubaa hapo.

Halafu tafuta wakili. Mwambie uliacha usukani saa ngapi na ulipuliza saa ngapi, maana Colorado inataka kipimo kifanyike ndani ya saa 2. Aiombe video ya polisi, aone kama walikuwa na sababu ya kukusimamisha. Kipimo cha ulevi cha kutembea kwenye mstari barabarani kilikuwa hiari. 0.09 haiko mbali na 0.08, kiwango cha kosa kamili la ulevi; chini yake kuna kosa jepesi zaidi, DWAI (kuendesha uwezo ukiwa umepunguzwa na pombe), ambalo wakili anaweza kulipigania.

Kama uko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, mwone na mwanasheria wa uhamiaji. Viza yaweza kufutwa kwa kukamatwa tu, hata kabla ya hukumu. Kwa hiyo tiketi ya Desemba ya kuja nyumbani usikate kwanza, usije ukashindwa kurudi.