Kuingia kwenye Tovuti Nyingi kwa Akaunti Moja: Ushauri kwa Wanaoanza

Kwa wewe unayeanza kutumia huduma za mtandaoni, kitufe kinachokualika uingie kwa akaunti yako ya Google, Apple au Facebook hakina ubaya, ila kinahitaji utulivu kabla ya kukibofya. Binafsi ninakipendelea, kwa sababu wengi wetu tukiachiwa kutunga nywila kwa kila tovuti huishia kurudia ileile, na tovuti moja dhaifu ikidukuliwa, wezi huijaribu nywila hiyo kila mahali. Ukitumia akaunti moja, tovuti unayoingia haiioni nywila yako kabisa: inakupeleka kwa mtoa akaunti, yaani Google, Apple au Facebook, naye akishakutambua anairudishia tovuti uthibitisho kwamba ni wewe.

Kwa hiyo nywila yako ina mahali pamoja tu pa kuandikwa, nao ni ukurasa wa mtoa akaunti. Soma anwani iliyo juu ya kivinjari kabla ya kuandika chochote. Anwani inayoanza na accounts.google.com, kisha ikafuatiwa na nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, usiiamini, maana inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Wako pia matapeli wanaochora dirisha zima la kuingilia, pamoja na anwani yake, ndani ya ukurasa wao. Ukiwa kwenye kompyuta, likamate dirisha hilo kwa kipanya ulivute nje ya mipaka ya kivinjari. La kweli litatoka, la kuchorwa litakwama ukingoni.

Hata hivyo, jambo ambalo naona wageni hulipuuza zaidi ni ukurasa wa ruhusa, ule unaoonyesha tovuti au programu inaomba kufikia nini kwenye akaunti yako. Mwezi Mei 2017 watu wengi walipokea baruapepe iliyowaalika kufungua waraka, na walipobofya walifika kwenye ukurasa halisi wa Google, ambako programu iliyojiita Google Docs iliomba ruhusa ya kusoma na kutuma baruapepe zao. Hakuna aliyeibiwa nywila. Waliokubali walitoa ruhusa wenyewe, na programu ile ikajisambaza kwa watu waliokuwa kwenye orodha zao za mawasiliano hadi Google ilipoizima. Tovuti inayotaka kukutambua tu inatosheka na jina, picha na anwani yako ya baruapepe. Ikiomba kusoma barua, mafaili au orodha ya watu unaowasiliana nao, jiulize kazi yake inahitaji hayo kwa lipi, na usipopata jibu, kataa. Ukiwa umeshakubali, usitegemee kubadilisha nywila peke yake, maana ruhusa inaweza kubaki hai. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako, tafuta orodha ya programu na tovuti zilizounganishwa, kisha uziondoe usizozitambua. Mimi huipitia orodha hiyo mara kwa mara, na ninakusihi nawe ufanye hivyo.

Akaunti inayofungua milango mingi lazima ilindwe kuliko nyingine zote. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mbali na nywila unathibitisha pia kwa njia ya pili kama simu yako, hifadhi misimbo ya dharura (ya kuingilia ukikosa njia hiyo ya pili) nje ya simu yako, na hakikisha namba ya simu na baruapepe ya kurejeshea akaunti bado ni zako.

Kwenye kompyuta ya watu wengi, kumbuka kwamba kutoka kwenye tovuti hakukutoi kwenye akaunti yenyewe. Atakayeketi baada yako anaweza kubofya kitufe kilekile akaingia kwa jina lako bila kuulizwa kitu, kwa hiyo ondoka kote kuwili, au tumia dirisha la faragha la kivinjari, ambalo husahau kuingia kwako likifungwa, na ulifunge umalizapo.

Mwisho, usitumie akaunti uliyopewa na mwajiri au chuo kuingilia huduma zako binafsi. Siku utakapoondoka huenda ikafungwa, na kila tovuti uliyoiunganisha nayo inaweza kukufungia mlango; kama umeshafanya hivyo, weka baruapepe yako binafsi na nywila ya pekee kwenye kila moja ya tovuti hizo sasa, ukiwa bado unaweza kuingia.