Kayaki inavuja na kaskazi i mlangoni

SWALI: Tuna kayaki nne za plastiki, zile za kukalia juu, tunazokodisha hapa Kilifi. Zimekaa nje tangu kusi ilipoanza. Moja inaingiza maji na fundi anataka kuipaka epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya. Nyingine imebonyea tumbo. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni kwa kumzuia fundi. Plastiki hiyo ni polithilini, inateleza kama nta, na epoksi haiishiki. Mkiiburuta mchangani mara mbili tatu itabanduka. Kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, nayo ni ya mbao, hapa haina kazi.

Tafuteni kwanza panapovuja. Mimineni ndani lita 15 hivi za maji, fungeni kizibo, panguseni nje pakauke kabisa, kisha iinamisheni polepole, omo (mbele) hadi tezi (nyuma), ubavu hadi ubavu. Panapotoa jasho ndipo hapo. Chunguzeni sana ile mirija inayotoa maji kutoka kwenye kiti hadi chini. Kigari chenye vigingi vya kuingia humo hubebesha uzito wote kwenye ukingo wa mrija, nao hupasuka mahali usipopaona kwa juu. Tezi nayo hulika kwa kuburutwa. Msisahau pete ya mpira ya kizibo: chembe chache za mchanga pale zinatosha kuingiza maji.

Mkikuta ufa, toboeni kitundu cha milimita 3 kila ncha ili usizidi kukimbia. Uchongeni uwe mfereji wa V, safisheni kwa spiriti, kisha uchomelewe kwa kijiti cha polithilini. Kijiti na kayaki vyote vipate moto mpaka vilainike na kung'aa. Kikiyeyuka kijiti peke yake, kitakaa juu tu kama nta ya mshumaa. Iacheni ipoe yenyewe, bila maji.

Ile iliyobonyea ianikeni jua la saa sita. Ikilainika, isukumeni kutoka ndani kwenda nje, muishikilie hadi ipoe. Kisha zilazeni zote kifudifudi kivulini, juu ya magogo mawili yaliyofungwa magunia.

Lakini kama kayaki imepauka, inaacha unga mkononi na ina nyufa nyembamba kama nywele kila mahali, jua limeshaila. Hiyo itoeni kazini. Itapasukia kwenye kina kirefu na mgeni wa watu juu yake.

Majaribio yafanyeni siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mkondo wa mlango wa bahari ukiwa mpole.

SWALI: Na majaketi ya kuokolea?

JIBU: Bonyezeni sifongo yake, isiporudi, jaketi limekufa. Vuteni kila mkanda kwa nguvu zote, ukatikie nchi kavu kama ni wa kukatika. Halafu mtu mzito kuliko wote alivae, aingie maji ya kifuani na kukunja magoti. Kidevu kibaki juu ya maji. Jaketi likimpanda masikioni, kazeni mikanda. Likipanda tena, ni kubwa kwake.