Friji Mbovu, TV ya Chogo na Stoo ya Baba: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna nyingi: kitu kisichotakiwa nyumbani kitoke vipi. Sisi tunaanza na swali hili: kikishatoka kwako, nani atakigusa, na kitamfanya nini?

SWALI: Friji yetu ya milango miwili imekufa tangu mwaka jana, ipo kibarazani. Kijana wa vyuma chakavu hupita na mkokoteni kila Jumamosi na anaitaka kwa kilo. Nimuuzie? – Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Mama, kabla ya bei, leo hii ng'oa milango. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajibana, hewa humwishia haraka, na friji za zamani zenye kitasa cha kubana hazifunguki kwa ndani kabisa. Bisibisi na spana ndogo vinatosha kwa bawaba nyingi. Skrubu zitie kwenye mfuko na uzibandike kwa selotepu mgongoni mwa friji, mnunuzi atazihitaji.

Kisha mwite fundi friji aje aisikilize kompresa, ile mota inayosukuma gesi. Ikinguruma sekunde chache na kukata kwa mlio wa "tik", mara nyingi kilichokufa ni relei au ovalodi, vifaa vidogo vilivyobanwa ubavuni mwa kompresa. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na friji. Ikinguruma mfululizo bila kugandisha, huenda gesi imevuja au kompresa imechoka. Pabaya zaidi ni bomba likitoboka ndani ya ukuta wa friji, kwenye povu, ambako fundi hafiki bila kuharibu kila kitu. Hapo usikubali kujaziwa gesi tu. Tundu halijazibwa, kwa hiyo gesi itatoka tena na hela yako nayo.

Hata ikishindikana kutengenezeka, fundi abaki kuwa mnunuzi wako wa kwanza. Yeye anataka kompresa, feni, rafu za kioo na raba za mlango, na kila kimoja kina bei yake. Wa mkokoteni analipia chuma peke yake, na friji ina plastiki na povu nyingi kuliko inavyoonekana.

Tena kuna gesi. Soma jina lake kwenye kibandiko cha nyuma au cha ubavuni mwa kompresa. R600a inawaka, hivyo bomba lake lisisogelewe na moto wa kuchomelea wala grainda. R134a haiwaki, lakini ikiachiwa hewani hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. R12, ya friji za miaka ya 1980, hula tabaka la ozoni na iliondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Muulize fundi waziwazi: "Gesi iliyomo utaitoaje?" Anayefaa ana mashine ya kuinyonya na mtungi wa kuihifadhia. Akisema atakata bomba tu, tafuta mwingine.

Bodi litakalobaki ndilo la kuuza kwa kilo, na mizani ipimwe kwanza mbele ya macho yako. Jaza maji ndoo ya lita 20 hadi kwenye mstari, uitundike. Maji hayo ni kilo 20, ndoo ya plastiki ni kama kilo moja. Mshale ukisimama kwenye 17, unapunjwa. Mwisho muandikiane karatasi ya mauziano: aina ya friji, namba iliyo kwenye kibandiko, tarehe, majina, simu na sahihi zenu wote. Mnunuzi naye anaihitaji akisimamishwa njiani na kuulizwa mali kaitoa wapi.

SWALI: Nina TV mbili za chogo na betri ya sola iliyokufa. Vijana wanataka kuvunjia hapahapa uani watoe shaba, waniachie elfu kumi. – Kaka wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Kaka, usiwaruhusu, na tunasema hivi kwa ajili ya vijana wenyewe pia. Kioo cha chogo kina madini ya risasi, na ndani yake hakuna hewa. Nyundo ikikipiga, kinajivuta kwa ndani kwa nguvu na kurusha vipande. Ule waya mnene unaoingia chini ya kikombe cha raba juu ya chogo unaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata kama TV imechomolewa. Wakishaitoa shaba watachoma nyaya ili plastiki iyeyuke, na moshi wa plastiki hiyo una dayoksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Wapelekee mafundi TV zikiwa nzima, au mtafute mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mwombe akuonyeshe kibali hicho.

Betri ndiyo hatari kuu hapo uani. Isimamishe wima kwenye beseni la plastiki, mbali na watoto, wala usimwage maji yake: ni tindikali yenye risasi. Ukinunua betri mpya, nenda na ya zamani, maduka mengi huipokea na kukupunguzia bei. Asiyeogopa risasi aangalie Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi waliathirika na risasi kutoka kiwanda jirani cha kuyeyusha betri chakavu. Julai 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea katika rufaa.

SWALI: Stoo ya baba imejaa chupa na madumu ya dawa za kahawa. Hataki yatupwe, anasema yatafaa kwa mafuta ya taa. Nimwambieje? – Binti wa Marangu

JIBU: Mfikishie mzee shikamoo yetu. Usiziite mali zake takataka. Mwombe achague mwenyewe majembe, mapanga na mabati ya kubaki, halafu uzungumzie madumu peke yake. Hoja ni hii: dawa iliyokaukia ndani haitoki kwa kuosha, na atakayekuta dumu lina mafuta ya taa leo ataliwekea maziwa kesho.

Madumu yanayoisha sasa yasuuzwe palepale shambani. Tia maji robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina ndani ya bomba la kupulizia, urudie hivyo hadi zitimie mara tatu. Maji hayo yapulizwe shambani. Kisha toboa kitako ili dumu lisitumike tena. Dawa iliyopitwa na wakati isimwagwe kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, kwani maji yale ni ya majirani walio chini. Iache kwenye chombo chake chenye lebo na umwite bwana shamba wa kata, ambaye anaweza kuwasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

SWALI: Godoro lina kunguni, dada wa kazi ameniomba nimpe. – Mama wa Kisasa, Dodoma

JIBU: Usimpe. Kunguni hufa joto likifika kama nyuzi 50 na kudumu, ila jua halipenyi hadi katikati ya godoro nene. Lifunge kwa nailoni ukiwa bado chumbani, la sivyo watadondoka koridoni. Andika KUNGUNI kwa maka, lichane kwa kisu asiliokote mtu, ulipie gari la taka. Usilichome: moshi wa povu una sianidi. Dada mnunulie jingine, hata dogo.

SWALI: Nguo za watoto zilizobana? – Msomaji wa Tanga

JIBU: Zisizo na dosari zifue na kuzifunga kwa umri, halafu ukipigie simu kituo cha watoto ujue wanahitaji saizi gani. Zilizochanika za pamba zipeleke gereji, ni matambara mazuri. Poliesta haifai kwa kazi hiyo kama pamba, usijisumbue nayo. Kata vifungo na zipu kwanza, vinakwaruza rangi ya gari.