Mlezi mpya wa klabu ya watoto, usiwaamulie kila kitu

Ukikabidhiwa klabu kwa mara ya kwanza, utatamani kujaza kila dakika: michezo, nyimbo, mafunzo, kisha michezo tena. Ratiba iwepo, ila iache mianya. Mengi ambayo mtoto huyapata klabuni hutokea pale mpira ni mmoja na wanaoutaka ni kumi.

Darasani mtoto hukaa na wa rika lake, na mwalimu ndiye anayegawa zamu. Nyumbani kitinda mimba hubaki kuwa kitinda mimba. Klabuni huyohuyo anaweza kujikuta ndiye mkubwa, wadogo wanamtazama awaonyeshe. Kwa hiyo changanya umri, huku ukiisimamia mwenyewe michezo ya nguvu.

Tumia vikundi vidogo. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwachanganya wavulana wapatao 20 wa familia za kitajiri na za kawaida, akawagawa vikundi vinne vilivyoongozwa na wavulana wenzao. Skauti wamebadilika mengi tangu hapo, lakini mpango huo bado wanao. Katika kundi la watano ukitega kazi, wenzako wanakuona.

Wakigombana, usikimbilie kuhukumu. Sogea karibu, sikiliza, na ikibidi uliza: "Mlikubaliana nini kabla ya kuanza?" Mara nyingi hawakukubaliana lolote, na wataligundua hilo wenyewe. Uonevu ni habari nyingine. Huo uzime papo hapo.

Mashindano nayo yana kiasi chake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana makundi mawili katika kambi moja huko Oklahoma, Marekani, akawashindanisha. Wakaishia kutukanana na kuvamiana mabwenini. Kula pamoja hakukuwapatanisha. Kilichosaidia ni kazi zilizowahitaji wote, kama kutafuta hitilafu ya maji ya kambi. Mimi hubadilisha timu kila tunapokutana, hata wakinung'unika.

Mtoto mkimya usimsukume jukwaani. Mpe kazi itakayomlazimu kusema na wenzake, kwa mfano kugawa vifaa au kuandika matokeo.

Wazazi watakuuliza watoto wamefundishwa nini leo. Ukiwajibu kwamba waligombea zamu kisha wakapatana bila wewe kuingilia, baadhi watakunja uso. Wakaribishe waje kukaa pembeni siku moja, watazame.