Uliza Ujibiwe: Damu ya kijiti, mguu unaouma na sindano isiyo na hedhi

*Shikamoo daktari. Niliwekewa kijiti kimoja cha uzazi wa mpango mkono wa kushoto miezi minne iliyopita, wiki chache baada ya kujifungua mtoto wa pili. Tangu hapo naona matone karibu kila siku, na mwezi huu damu imetoka siku tisa mfululizo. Zahanati wameniambia nivumilie, mwili utazoea. Mama mkwe anasema ni ugonjwa, nikitoe. Nimsikilize nani?* — Mama Wawili, Ngaramtoni, Arusha

Marahaba, Mama Wawili. Matone hayo si damu chafu wala dalili kwamba kizazi kinaoza. Kijiti hutoa homoni moja kidogo kidogo, nayo huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba uwe mwembamba na vimishipa vyake viwe dhaifu. Ndiyo maana damu inavuja bila ratiba. Kwa wengi hupungua ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo zahanati hawakukudanganya. Walichokosea ni kuishia kwenye "vumilia". Damu ikipita siku 8, au ikiwa mara mbili ya kawaida yako, ina tiba.

Tiba ya kwanza ni ibuprofen, dawa ya maumivu, miligramu 800, mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5. Vidonge vya dukani mara nyingi ni vya 200 au 400, hivyo dozi moja ni vinne au viwili. Dozi hiyo ni kubwa, usijinunulie tu. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au pumu inayoamshwa na dawa za maumivu haimfai. Wengine hupewa vidonge vya homoni mbili kwa siku 21, lakini kama unanyonyesha na mtoto hajafikisha miezi sita, hivyo si vyako kwa sasa.

Ukirudi kliniki, omba mambo matatu: kipimo cha mimba, kipimo cha wingi wa damu, na kuangaliwa mlango wa kizazi, hasa kama damu hutoka baada ya tendo la ndoa. Damu hiyo ya baada ya tendo usikubali isingiziwe kijiti kabla hujapimwa. Taja pia dawa nyingine unazotumia. Rifampicin ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin, na efavirenz ya VVU hupunguza nguvu ya kijiti.

Usisubiri siku ya kliniki kama pedi mbili zinaloa chapachapa ndani ya saa moja na hali hiyo inaendelea hadi saa ya pili, kama unaona kizunguzungu na moyo unakwenda mbio, au kama tumbo la chini linauma sana upande mmoja. Mimba ukiwa na kijiti ni nadra, ila ikitokea inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Ukichoka nacho, kitolewe. Hulazimiki kumaliza miaka mitatu wala kutoa sababu. Kinatolewa kwa sindano ya ganzi na mkato mdogo, kazi ya dakika chache, na mhudumu aliyefunzwa. Si kazi ya wembe wa nyumbani.

*Habari za kazi. Nina miaka 27, ni mpagazi mlima Kilimanjaro na natumia vidonge vya majira. Juzi nimeshuka njia ya Mweka, kigimbi cha kulia kinauma. Wenzangu wanasema ni mteremko tu, nikichue kwa dawa. Pia nimesikia vidonge na mlima havipatani.* — Binti wa Pasua, Moshi

Usikichue kwanza. Kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka unashuka mita 3,000 hivi, kwa hiyo misuli ina haki ya kulalamika. Lakini maumivu ya mteremko kwa kawaida hukamata miguu yote miwili, hasa mapaja kwa mbele, na huanza kulegea baada ya siku ya tatu. Mguu mmoja unaouma, kuvimba na kuwa wa moto ni habari nyingine. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, na bonge hilo likichomoka huenda kwenye mapafu.

Azima futi ya fundi cherehani. Tafuta kinundu cha mfupa chini ya goti, shuka sentimita 10, zungushia futi. Pima mguu wa pili vilevile. Tofauti ikizidi sentimita 3, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC leo hii, na umwambie daktari neno "vidonge" kabla hajauliza. Tofauti ikiwa ndogo lakini mguu ni wa moto au maumivu yanazidi, nenda vilevile. Acha vidonge hadi uonwe, tumia kondomu. Kifua kikichoma ukivuta pumzi, pumzi ikikata au ukikohoa damu, ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu mlima, ushauri wa kitaalamu ni kwamba anayekaa juu ya mita 4,500 kwa zaidi ya wiki moja afikirie njia nyingine. Safari yako moja haifiki huko, unalala juu hivyo usiku mmoja au mbili. Hata hivyo, kwa kazi ya kupanda na kushuka msimu mzima, mara nyingine kwa kutapika na kuharisha, sisi tungekuelekeza kwenye kijiti au kitanzi. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza kidonge cha homoni, meza kingine. Na kama unavuta sigara, una presha ya 140/90 au zaidi, au una kipandauso kinachotanguliwa na mwanga wa kumetameta, mweleze mhudumu kabla hujaanza paketi mpya.

*Nachoma sindano ya miezi mitatu. Sijaona siku zangu miezi saba. Damu inajikusanya wapi? Nataka mtoto mwakani.* — Msomaji, Usa River

Haijikusanyi popote. Utando haukujengeka, hivyo hakuna cha kutoka. Pima mimba kama ulichelewa sindano zaidi ya wiki 4, au una kichefuchefu na matiti yanauma. Uzito unaweza kupanda kilo 1 hadi 2 kwa mwaka.

La mtoto ndilo la kupanga mapema. Baada ya sindano ya mwisho, wastani wa kushika mimba ni miezi 10 hivi, na wengine hukawia zaidi. Kama unataka mimba mwakani, sindano ijayo usichome. Ukihitaji kinga kidogo katikati, tumia kondomu, au vidonge kama afya yako inaruhusu, na uanze kumeza vitamini ya folic acid miezi mitatu kabla ya kutafuta mtoto.